Hitilafu ya ukurasa ndani ya mashine pepe: mwongozo kamili wa kuishughulikia kwenye VT-x na AMD-V

Kila anayeandika haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, hufika mahali ambapo mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) amegusa anwani isiyo na kitu, na prosesa inasubiri uamuzi. Uamuzi huo una msingi mmoja: kabla ya kutengeneza chochote, jua hitilafu ni ya nani. Zipo hitilafu za mgeni mwenyewe. Keneli yake inazitarajia, na kwa hizo huleta ukurasa kutoka diski, hunakili ukurasa ulioshirikiwa, au huua programu iliyovuka mpaka. Zipo pia hitilafu za mwenyeji (mfumo unaoibeba mashine pepe), ambazo mgeni hapaswi hata kujua kwamba zilitokea. Ukimpa mgeni hitilafu isiyo yake, keneli yake itaanguka, na utatafuta sababu kwenye kodi yake usiione. Ukimnyima iliyo yake, programu itarudia amri ileile bila kikomo.

Nachukulia kwamba kurasa za x86 za ngazi nne unazifahamu, na kwamba haipavaiza yako tayari inaweza kumwingiza mgeni na kumtoa. Msingi wangu ni Intel na VT-x yake, yaani msaada wa prosesa wa kuendesha mashine pepe. AMD, yenye AMD-V, naitaja pale inapotofautiana kwa jambo la maana.

Anwani tatu, tafsiri mbili

VT-x ya mwaka 2005 na AMD-V ya 2006 zilikuja bila msaada wowote wa tafsiri ya kumbukumbu. Haipavaiza ililazimika kunasa kila hitilafu ya ukurasa na kutunza majedwali kivuli, yaani nakala yake ya majedwali ya mgeni inayoelekeza moja kwa moja kwenye kumbukumbu halisi ya mwenyeji. AMD ikaleta NPT mwaka 2007 kwenye prosesa za Barcelona, na Intel ikaleta EPT mwaka 2008 kwenye Nehalem. Tangu hapo kazi imegawanyika. Majedwali ya mgeni hugeuza anwani pepe kuwa anwani halisi ya mgeni, kisha majedwali yako (EPT au NPT) huigeuza hiyo kuwa anwani halisi ya mwenyeji.

Ugumu wote wa somo hili unatokana na jambo moja: kila jedwali la mgeni lenyewe limekaa kwenye anwani halisi ya mgeni. Kwa hiyo prosesa ikitaka kusoma ingizo moja la mgeni, inapita kwanza majedwali yako ngazi zote nne. Ngazi nne za mgeni, pamoja na anwani ya mwisho, zinaweza kufikisha usomaji 24 wa kumbukumbu kwa tafsiri moja. Na katika kila hatua ya njia hiyo, upande wako au upande wa mgeni unaweza kukwama.

Tuufuate mfano mmoja mpaka mwisho. Programu ndani ya mgeni inaandika kwenye anwani pepe 0x7F8A5C6D1E20. Kwa ngazi nne, fahirisi zake ni 255, 41, 227 na 209, na masalio ndani ya ukurasa ni 0xE20. Tuseme jedwali la mwisho la mgeni liko kwenye anwani halisi ya mgeni 0x3A452000. Ingizo la 209 liko baiti 1672 mbele, yaani 0x3A452688.

Sasa tuseme mwenyeji alikuwa ameupeleka ukurasa huo wa 0x3A452000 kwenye swopu. Prosesa inakwama kabla hata haijasoma ingizo la mgeni. Mgeni anatoka kwa sababu namba 48, ukiukaji wa EPT, na anwani unayopewa ni 0x3A452688. Hii ni hitilafu yako: unauleta ukurasa, unajaza EPT, unamrudisha mgeni.

Amri inarudiwa. Safari hii prosesa inalisoma ingizo la mgeni na kukuta biti ya kuwapo ni 0. Hii ni hitilafu ya mgeni. Prosesa inaweka 0x7F8A5C6D1E20 ndani ya CR2 (rejista ya anwani iliyoleta hitilafu), inampa msimbo wa hitilafu 6 (kuandika, kutoka ngazi ya mtumiaji, ukurasa haupo), na kuingia moja kwa moja kwenye keneli ya mgeni. Haipavaiza haiguswi.

Keneli ya mgeni inachagua ukurasa huru, tuseme 0x51B07000, na kuanza kuujaza sifuri. Mwenyeji hajawahi kuutoa ukurasa huo, kwa hiyo utokaji namba 48 unatokea tena, safari hii ukiwa na anwani pepe ya keneli wala si ya programu. Unajaza tena. Mgeni anamaliza, anaandika ingizo lake, anarudi kwenye programu, na uandishi unafaulu.

Uandishi mmoja umezaa hitilafu tatu: mbili zako, moja ya mgeni. Haipavaiza inayodhani kwamba amri moja ina hitilafu moja itavunjika hapa.

Hatua ya 1: Amua ni hitilafu zipi zikufikie

Ndani ya VMCS (muundo wa Intel unaobeba hali na mipangilio ya mgeni) kuna ramani ya eksepsheni, uga 0x4004. Biti yake ya 14 ndiyo ya hitilafu ya ukurasa, lakini haifanyi kazi peke yake. Kuna kichujio kwenye 0x4006 na kilinganisho kwenye 0x4008. Prosesa huchukua msimbo wa hitilafu, huupitisha kwenye kichujio, kisha hulinganisha. Matokeo yakilingana, biti ya 14 inafuatwa kama ilivyo: 1 ni kutoka, 0 ni kumwachia mgeni. Yasipolingana, maana ya biti inageuka kinyume. Wengi hunaswa hapo, kwa sababu wanaweka biti ya 14 kuwa 0 wakidhani wamezima kila kitu, huku uga mwingine umebaki na thamani ya zamani.

Ukiwa na EPT, weka nyuga zote mbili sifuri na biti ya 14 sifuri. Hitilafu za mgeni zitaenda kwa mgeni bila kupitia kwako, na huo ndio mpangilio sahihi kwa karibu kila haipavaiza ya leo. Ukitaka kuona zile tu za ukurasa usiokuwapo, kwa mfano unapochunguza tabia ya mgeni, weka kichujio 1, kilinganisho 0, biti ya 14 iwe 1.

Bila EPT huna hiari: nasa zote. Sababu iko kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: Linda CR2

VT-x haihifadhi CR2 wakati wa kutoka, wala haiipakii wakati wa kuingia. Rejista hiyo ni moja tu kwenye kiini cha prosesa, na mgeni na mwenyeji wanaitumia kwa zamu. Mwenyeji akipata hitilafu yake kabla hujahifadhi thamani ya mgeni, thamani hiyo imepotea.

Kwa hiyo mara tu mgeni anapotoka, soma CR2 uiweke kwenye muundo wa vCPU (prosesa pepe ya mgeni). Kabla ya kumrudisha, ilinganishe na iliyomo sasa, na uandike ikiwa tu zimetofautiana. KVM, haipavaiza ya Linux, hufanya hivyo hivyo. Kodi iliyo kati ya kusoma na kuingia tena isiguse kumbukumbu inayoweza kukosa ukurasa.

AMD imelibeba jambo hili vizuri zaidi: CR2 ya mgeni imo ndani ya VMCB (muundo wa AMD unaolingana na VMCS), na VMRUN, amri ya kumwingiza mgeni, huipakia yenyewe.

Hatua ya 3: Soma sababu kabla ya kutengeneza

Uga 0x4402 unakupa sababu ya kutoka. Tatu zinatuhusu.

Sababu 0 ni eksepsheni iliyonaswa. Angalia 0x4404: vekta ikiwa 14, basi ni hitilafu ya ukurasa ya mgeni uliyoomba kuiona. Msimbo wake uko 0x4406. Anwani iliyoleta hitilafu iko kwenye sifa za utokaji, 0x6400, na *si kwenye CR2*. Hitilafu iliyokutoa moja kwa moja haijaandika CR2 bado, kwa hiyo thamani utakayoikuta humo ni ya hitilafu iliyopita.

Sababu 48 ni ukiukaji wa EPT: ingizo lako halipo, au ruhusa haitoshi. Anwani halisi ya mgeni iko 0x2400.

Sababu 49 ni ingizo la EPT lililoandikwa vibaya: limeruhusu kuandika bila kusoma, au lina aina ya kumbukumbu isiyokubalika, au biti zilizohifadhiwa zimewashwa. Sifa za utokaji hazikusaidii hapo. Unapewa anwani halisi ya mgeni tu. Kama hukulipanga, una kasoro kwenye kodi yako, na dawa ni kusimamisha mashine na kuchapisha maingizo ya ngazi zote nne. KVM hulipanga makusudi. Kwa anwani za vifaa huandika biti tatu za chini 110, yaani kuandika na kutekeleza bila kusoma, ili kila mguso umfikishe kwenye njia fupi ya kuiga kifaa bila kutafuta upya kwamba anwani hiyo ni ya nani.

Kwa AMD, eksepsheni ya ukurasa ni msimbo wa kutoka 0x4E, na hitilafu ya NPT ni 0x400. Zote mbili huweka msimbo wa hitilafu kwenye uga wa VMCB uitwao EXITINFO1 na anwani kwenye EXITINFO2. Anwani hiyo ni pepe kwa 0x4E, na ni halisi ya mgeni kwa 0x400.

Hatua ya 4: Shughulikia ukiukaji wa EPT

Biti za sifa za utokaji zinasimulia kisa chote. Biti 0, 1 na 2 zinasema mgeni alitaka kusoma, kuandika au kutekeleza. Biti 3 hadi 5 zinaonyesha ruhusa zilizokuwapo. Zote zikiwa 0, ukurasa haukuwapo kabisa. Biti 7 ikiwaka, una anwani pepe kwenye 0x640A. Biti 8 ndiyo ninayoithamini kuliko zote: ikiwa 1, prosesa ilikuwa ikifikia data yenyewe, ikiwa 0, ilikuwa bado inatembea kwenye majedwali ya mgeni. AMD husema jambo hilohilo kwa biti 32 na 33 za EXITINFO1.

Hapa kuna mtego. Ukiwa umewasha biti za kuguswa na kuchafuliwa ndani ya EPT (biti 6 ya EPTP, kielekezi cha mzizi wa EPT), prosesa huhesabu kila usomaji wa jedwali la mgeni kuwa uandishi. Ukurasa uliouzuia usiandikwe utakutoa hata kama programu ilikuwa inasoma tu. AMD iko hivyo daima, na tena huhesabu kila mguso kuwa wa ngazi ya mtumiaji. Usipowasha biti ya mtumiaji kwenye maingizo ya NPT, mgeni hatatekeleza hata amri yake ya kwanza.

Ukishasoma biti, tafuta anwani ya mgeni kwenye orodha ya vipande vya kumbukumbu ulivyompa. Njia ziko nne.

Ni kumbukumbu ya kawaida isiyojazwa bado. Pata ukurasa wa mwenyeji, kisha andika ingizo. Kwenye Linux kumbukumbu ya mgeni ni eneo la kawaida la mchakato wa QEMU (programu inayoibeba mashine pepe juu ya KVM), kwa hiyo keneli ya mwenyeji ndiyo inayouleta ukurasa kutoka swopu au kuugawa upya. Kazi hii inaweza kuchukua muda, na ukurasa unaweza kuondolewa tena kabla hujaandika ingizo. Soma kihesabu cha mabadiliko (kinachosogea kila mwenyeji anapoondoa ukurasa) *kabla* ya kuomba ukurasa, kisha kikague tena ukiwa umeshika kufuli. Kikiwa kimesogea, tupa ulichopata umrudishe mgeni ajaribu upya. Vilevile vCPU mbili zinaweza kukwama kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, basi ingizo liandikwe kwa amri ya atomiki, na atakayekuta limeshajazwa arudi bila kulalamika.

Ni ukurasa uliouzuia kuandikwa ili ufuatilie mabadiliko, kwa mfano unapohamisha mashine ikiwa hai. Weka alama kwamba umechafuliwa, rudisha ruhusa, endelea.

Ni anwani ya kifaa. Mifano ya kawaida ni APIC ya ndani (kidhibiti cha intarapti) kwenye 0xFEE00000 na dirisha la VGA kuanzia 0xA0000 hadi 0xBFFFF. Soma amri ya mgeni, iige, sogeza RIP (rejista ya anwani ya amri). AMD zenye msaada wa kufumbua amri hukupa hadi baiti 15 za amri ndani ya VMCB. Kwa Intel unazisoma mwenyewe kupitia majedwali ya mgeni.

Ni anwani isiyo ya mtu. Usimpe mgeni hitilafu ya ukurasa. Majedwali yake yako sawa. Mashine halisi ingerudisha biti zote 1 kwenye usomaji na kuupuuza uandishi, nawe fanya hivyo.

Kuhusu kache ya tafsiri: ukiongeza ruhusa huhitaji INVEPT (amri ya kufuta tafsiri za EPT kwenye kache), kwa sababu ingizo lisilokuwapo halihifadhiwi kwenye kache, na ukiukaji wenyewe hufuta tafsiri ya zamani ya anwani ile. Ukipunguza ruhusa au kubadilisha ukurasa, INVEPT ni lazima kwenye kila kiini kilichomwendesha mgeni huyo, na ukurasa usigawiwe kwingine kabla vyote havijajibu. Uzembe hapa ni tundu la usalama: mgeni mmoja anaweza kusoma data ya mwingine.

Hatua ya 5: Mdungie mgeni hitilafu iliyo yake

Kuna nyakati ambapo haipavaiza ndiyo inayogundua hitilafu ya mgeni. Unaiga amri inayonakili kutoka kifaa kwenda kumbukumbu, unatembea kwenye majedwali ya mgeni kutafuta mahali pa kuandika, na ingizo halipo. Hapo lazima ufanye kazi ya prosesa, kwa mpangilio huu.

Tunga msimbo wa hitilafu. Biti 0 ni 1 ikiwa ukurasa ulikuwapo na ruhusa ndiyo iliyokosekana. Biti 1 ni kuandika. Biti 2 ni ngazi ya mtumiaji. Lakini prosesa inaposoma majedwali ya mfumo kama GDT au TSS yenyewe, huo huhesabiwa mguso wa keneli hata kama programu iko ngazi ya 3. Biti 3 ni kwa biti zilizohifadhiwa. Biti 4 ni kuchota amri, na huwashwa tu ikiwa mgeni amewasha NXE au SMEP, swichi za kuzuia utekelezaji. Biti 5 ni ya funguo za ulinzi. Keneli za kisasa huzisoma biti hizi kwa makini, na moja ikikosewa, ukurasa wa kunakili-unapoandika utachukuliwa kuwa shambulio.

Weka anwani kwenye CR2 ya mgeni. Mguso ukivuka mpaka wa kurasa mbili na ukurasa wa pili ndio mbovu, andika anwani ya baiti ya kwanza ya ukurasa huo wa pili, si mwanzo wa mguso.

Ikiwa msimbo uliotunga una biti 0 na hauna biti 3, futa tafsiri ya anwani hiyo pepe kwenye kache. Prosesa halisi hufanya hivyo kila inapotoa hitilafu ya ukurasa, na keneli ya mgeni ina haki ya kuitegemea. Usipofuta, mgeni anaweza kurekebisha ingizo lake, kurudi, na kukutana na tafsiri ileile mbovu bila mwisho.

Mwisho andika 0x80000B0E kwenye uga 0x4016: vekta 14, aina ya eksepsheni ya maunzi, msimbo upo, na uga ni halali. Msimbo wenyewe unaenda 0x4018. Kwa AMD vyote vinakaa ndani ya EVENTINJ, kwenye VMCB 0xA8, huku msimbo ukikaa biti 32 za juu. Usisogeze RIP. Mgeni akimaliza, atarudia amri ileile.

Hatua ya 6: Bila EPT, kwa ufupi

Kwa majedwali kivuli, kila hitilafu inakufikia kwanza, na swali la hitilafu ni ya nani unalijibu kwa mkono. Tembea kwenye majedwali ya mgeni ukizingatia swichi zake za ulinzi: CR0.WP, SMEP, SMAP na NXE. Tafsiri ikikataa upande wa mgeni, mdungie kama hatua ya 5. Ikikubali, kivuli chako ndicho kilichopitwa na wakati: washa biti za kuguswa na kuchafuliwa kwenye ingizo la mgeni, jaza kivuli, endelea. Kama prosesa yako ina EPT, usiende njia hii ila kwa kujifunza.

Hatua ya 7: Tukio lililokatizwa katikati

Hapa ndipo haipavaiza changa nyingi huanguka, kwa sababu kasoro huonekana tu mwenyeji anapobanwa na kumbukumbu. Intarapti inampelekea mgeni habari, prosesa inasukuma rejista kwenye rundo la keneli ya mgeni, na ukurasa wa rundo hilo hauko kwenye EPT. Unatoka kwa sababu 48. Ukijaza ukurasa na kumrudisha mgeni hivi hivi, intarapti ile imepotea. Diski haitajibu tena, na hakuna kitakachokuambia kwa nini.

Baada ya kila kutoka, soma taarifa ya tukio lililokatizwa na ulirudishe:

```
taarifa = soma(0x4408)
kama taarifa & 0x80000000:
    andika(0x4016, taarifa & 0x80000FFF)
    kama taarifa & 0x800:
        andika(0x4018, soma(0x440A))
    kama aina (biti 8-10) ni 4, 5 au 6:   # tukio la programu: rudisha na urefu wa amri
        andika(0x401A, soma(0x440C))
```

Biti 12 ya 0x4408 haina maana maalumu, lakini kwenye 0x4016 lazima iwe 0, ndiyo maana ya 0x80000FFF hapo juu. Tukio likiwa NMI (intarapti isiyozimika kwa kawaida), ondoa kwanza kizuizi cha NMI (biti 3 ya 0x4824), la sivyo halitapokelewa. Kinyume chake, kama hakuna tukio lililokatizwa na biti 12 ya sifa za ukiukaji wa EPT inawaka, IRET ya mgeni (amri ya kurudi kutoka intarapti) ilikuwa imeshafungua NMI kabla ya kukwama. Irudishe biti 3 iwe 1, ili IRET ikirudiwa iifungue yenyewe.

Tukio likiwa hitilafu ya ukurasa ya mgeni iliyokatizwa na EPT, CR2 yake imeshaandikwa. Irudishe ulivyoihifadhi kwenye hatua ya 2.

Mambo hubadilika pale unapotaka kumdungia mgeni hitilafu mpya *yake* huku nyingine ikiwa njiani. Hitilafu ya ukurasa juu ya hitilafu ya ukurasa huwa hitilafu maradufu, vekta 8, msimbo 0. Hitilafu ya ulinzi, vekta 13, juu ya hitilafu ya ukurasa nayo ni vivyo hivyo. Lakini hitilafu ya ukurasa inayotokea wakati vekta 13 inapelekwa ni maradufu pia? Hapana: hiyo hupelekwa kama hitilafu ya ukurasa ya kawaida. Hitilafu nyingine ya aina hizi wakati vekta 8 iko njiani humzima mgeni. Ukiukaji wa EPT hauingii kwenye hesabu hii hata mara moja, kwa kuwa kwa mgeni haujawahi kutokea.

Hatua ya 8: Pima

Kwenye Linux, hakikisha kwanza unapima njia unayoidhania:

```
cat /sys/module/kvm_intel/parameters/ept
trace-cmd record -e kvm:kvm_page_fault -e kvm:kvm_inj_exception
```

Jibu la amri ya kwanza liwe Y. Kwenye rekodi ya pili, kvm_page_fault nyingi mwanzoni mwa mgeni ni kawaida, maana anagusa kumbukumbu kwa mara ya kwanza. Anwani ileile ikijirudia bila kukoma ni dalili kwamba ingizo halishiki, au umelijaza kwa ruhusa pungufu.

Kwa haipavaiza yako mwenyewe, endesha kvm-unit-tests. Jaribio lake la access hupitia michanganyiko ya biti za majedwali na kulinganisha msimbo wa hitilafu na ule ambao prosesa halisi ingetoa. Likishapita, mpunguzie mwenyeji kumbukumbu mpaka aanze kutumia swopu, mpe mgeni kazi nzito ya diski na mtandao, na umwache usiku kucha. Intarapti zinazopotea kwa sababu ya hatua ya 7 hujitokeza hapo.